Mawaridi ya Kale Yanayonukia: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Hapa Dodoma

Mbukwenyi! Ukurasa huu nimeuandika kwa uvivu. Nina mashina thelathini na kitu ya mawaridi nyuma ya nyumba, Ipagala, na ukuta wangu wa mbele ni mfupi, kwa hiyo kila anayepita akanusa lazima abishe hodi. Maswali ni yale yale. Sasa nitakuwa nawaelekeza hapa, nami nimwagilie kwa amani.

Waridi la kale ni lipi hasa?

Wakulima wa mawaridi duniani wameweka mpaka wao kwenye mwaka 1867. Mwaka huo Jean-Baptiste Guillot, mkulima wa Lyon, Ufaransa, alitoa waridi liitwalo 'La France'. Koo zote za mawaridi zilizokuwapo kabla yake ndizo huitwa za kale, na zilizofuata ni za kisasa. Kinachohesabiwa ni ukoo, si umri wa mche. 'Zéphirine Drouhin', waridi ambalo karibu halina miiba kabisa, lilitoka 1868 lakini bado ni la kale kwa sababu ni la ukoo wa Bourbon.

Mpaka wangu mimi ni mlegevu zaidi. Ua la kale ukiliona utalijua: petali zimebanana, na likifunguka linatandazika bapa kama kisahani cha chai, petali zimejigawa robo robo kwa ndani. Halichongoki kama ua la kadi za harusi. Na linanukia. Hapo kwenye neno tuelewane: waridi hunukia, halinuki. Kinachonuka ni samadi uliyoliwekea.

Mbona mawaridi ya dukani hayana harufu?

Hayakuzalishwa yanukie. Ua la biashara, likiwemo linalolimwa Arusha na kupandishwa ndege kwenda Ulaya, huchaguliwa kwa shina refu lililonyooka, petali ngumu zisizochubuka ndani ya boksi, na uwezo wa kukaa kwenye maji siku nyingi bila kulegea. Ukichagua hivyo kizazi baada ya kizazi, harufu inaondoka yenyewe bila mtu kuifukuza.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walieleza sehemu ya siri hii. Ndani ya petali kuna kimeng'enya walichokiita NUDX1, ambacho husaidia kutengeneza geranioli, mojawapo ya vitu vinavyolipa waridi harufu yake. Walilinganisha waridi lenye harufu kali, 'Papa Meilland', na lingine lisilonukia, 'Rouge Meilland'. Katika hilo la pili kimeng'enya hicho karibu hakifanyi kazi. Kwa hiyo shada la dukani likikukatisha tamaa, usiilaumu pua yako.

Nilinunua mche, nikaambiwa una harufu kali. Umechanua, hamna kitu.

Pole, tuko wengi. Muuza miche mmoja wa barabarani aliniuzia mitano kwa maneno hayo hayo, nikaibeba kwenye bajaji nimeikumbatia kama watoto wachanga. Mmoja ndio ulinukia, tena kidogo. Tangu hapo sinunui mche ambao sijaunusa ua lake. Kama hauna ua, ngoja uchanue. Muuzaji akikasirika, akasirike.

Je, yatakubali hali ya hewa ya Dodoma?

Mengine ndiyo, mengine kamwe, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela.

Tuko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mvua yetu haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na upepo. Novemba mchana ni nyuzi 31 hivi, Julai usiku ni 13 au 14. Hiyo 13 inatutosha kuvaa sweta, ila waridi la Ulaya halioni kama ni baridi.

Na baridi ndiyo siri. Koo za kale za Ulaya, yaani Gallica, Alba, Centifolia na Damaski nyingi, huchanua mara moja tu kwa mwaka, tena baada ya kulala usingizi wa majira ya baridi kali. Hapa hazilali. Zitakupa majani mazuri, miiba ya kutosha, na ahadi. Usizisumbukie hata zikiwa nzuri kiasi gani kwenye picha.

Zinazotufaa ni koo zenye damu ya China: mawaridi ya China yenyewe, yale yanayoitwa ya Chai, Noisette, na Bourbon. Hizi hazihitaji baridi. Zikipata maji huchanua, zinapumzika, zinachanua tena, mwaka mzima. Hewa yetu kavu nayo ina faida zake. 'Souvenir de la Malmaison', Bourbon wa mwaka 1843, analalamikiwa Ulaya kwa sababu vitumba vyake huoza kwa unyevu kabla ya kufunguka. Hapa kwetu kuanzia Juni hadi Novemba unyevu huo atautoa wapi?

Hizo koo zilifikaje duniani? Nasikia mawaridi ni ya Wazungu.

Nusu ya habari. Wazungu walikuwa na mawaridi yao yanayonukia vizuri sana, lakini yalichanua wiki chache tu kisha basi hadi mwakani. Isipokuwa moja, Damaski ya vuli, ambayo ilijitahidi kurudia mara ya pili.

China, kwa upande mwingine, watu walikuwa wamefuga mawaridi kwa karne nyingi na walikuwa na aina zinazochanua bila kukoma. Kati ya 1792 na 1824 aina nne za namna hiyo zilifika Uingereza kwa meli: mbili za China na mbili za Chai. Moja ni ya rangi ya waridi, leo inaitwa 'Old Blush', na ndiyo bibi wa mawaridi mengi sana uliyowahi kuyaona. Hizo za Chai ziliitwa hivyo kwa harufu yake, ambayo wengi huifananisha na majani makavu ya chai. Fungua pakiti mpya ya majani ya chai ya Mufindi, weka pua: ni jirani ya harufu hiyo, japo si yenyewe.

Sasa hapa ndipo hadithi inakuja nyumbani. Katika bahari yetu hii hii ya Hindi, mashariki ya Madagaska, kuna kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Wakulima wa kule walikuwa wakizungushia mashamba yao ua wa mawaridi, kama huku tunavyozungushia minyaa au mkonge. Katika ua huo waliweka aina mbili: lile la China na ile Damaski ya vuli. Nyuki hawana mipaka. Katikati ya ua ukaota mche ambao hakuna aliyeupanda, wenye harufu ya upande mmoja na uchanuaji wa upande mwingine. Mwaka 1817 alifika kisiwani mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, Bréon, akaupata, na mbegu zake akazituma kwa Jacques, mtunza bustani wa Duke wa Orléans. Ukoo mzima wa Bourbon ulianzia pale kwenye ua wa shamba.

Kitu kama hicho kilikuwa kinatokea karibu wakati ule ule Charleston, Marekani. Mkulima wa mpunga, John Champneys, alikuwa na waridi la China na waridi la miski, yakazaa waridi jipya. Jirani yake, Philippe Noisette, akaliendeleza na kumpelekea nduguye Paris, na ukoo ukabaki na jina la jirani! Champneys alibaki na shina.

Napenda kuwakumbusha watu hili wanaponiambia kwamba waridi ni mmea wa ikulu. Ni kweli Joséphine, mke wa Napoleon, alikusanya mawaridi mengi kwenye bustani yake ya Malmaison, na mchoraji Redouté akapata umaarufu kwa kuchora mawaridi ya enzi hizo. Lakini koo mbili zinazotufaa zaidi Dodoma hazikutoka ikulu: moja ilianzia kwenye ua wa shamba, nyingine kwa mkulima wa mpunga na jirani yake.

Na Damaski, si ndilo la marashi?

Ndilo. Linalimwa Kazanlak huko Bulgaria, Isparta Uturuki, Taif Saudia, na maeneo ya Kashan huko Iran. Wachumaji huanza alfajiri na kumaliza kabla jua halijakolea, kwa sababu mafuta ya harufu yanaruka na joto. Kilo moja ya mafuta halisi inataka tani 3 hadi 5 za maua. Kwa hiyo kichupa cha "mafuta halisi ya waridi" unachouziwa kwa bei ya soda, unajua mwenyewe.

Sisi wa bara tulilijua waridi kwa pua kabla ya kulijua kwa macho. Nilipokuwa mdogo, kwa jirani zetu Waislamu kukiwa na maulidi, anapita mtu na mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu na matundu kichwani, anawanyunyizia watu marashi, na sisi watoto wa Kikristo tunajisogeza mlangoni ili litupate tone. Neno lenyewe, marashi, lina asili ya Kiarabu ya kunyunyiza. Na waridi ni la Kiarabu pia. Niliona shina la waridi miaka mingi baadaye, nikashangaa kwamba ile harufu ina miiba.

Kuna waridi la asili ya Afrika?

Lipo, Rosa abyssinica, la milimani Ethiopia na Yemen. Ua jeupe, petali tano, linanukia. Huku kwetu halioti lenyewe.

Na waridi la jangwa?

Si waridi. Ule mmea wa kitako kinene na maua ya pinki uitwao Adenium ni wa ukoo wa oleanda, na maziwa yake ni sumu. Katika sehemu kadhaa za Afrika yalipakwa kwenye mishale. Ni mzuri, unavumilia ukame wetu kuliko chochote nilichonacho, lakini usiweke petali zake kwenye chai. Nimeshaulizwa.

Nitapata wapi mche wa kale hapa Dodoma?

Kwenye nyumba za wazee. Tembea Kikuyu, tembea mitaa ya zamani ya katikati ya mji, nenda Mpwapwa na Kondoa. Angalia karibu na makanisa ya zamani, nyumba za walimu wastaafu, pembeni ya tenki la maji, pale ambapo maji humwagika. Kichaka kikubwa kisichopogolewa, kimeegemea ukuta, maua ya pinki iliyopauka yamejiinamia. Hicho ndicho.

Shina langu la kwanza nilitoa Mpwapwa, kwa bibi mmoja niliyekuwa nimekwenda kwake kwa msiba. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi uani, jioni imeanza kupoa, na kila upepo ukigeuka inakuja harufu. Nikaona aibu kuuliza habari za maua msibani. Siku ya tatu bibi mwenyewe akaniambia, "Wewe mwanangu, tangu juzi unaangalia mti wangu kuliko watu." Alikuwa amekipata kijiti chake alipokuwa msichana wa kazi kwenye nyumba fulani, na nyumba ile ilishabomolewa. Akachukua kisu cha jikoni, akakata vinne. "Viwili vitakufa," akasema. Vilikufa viwili.

Jina lake halijui, nami silijui. Kwa umbo la ua na harufu naliweka kwa Bourbon, na majirani wanaliita "la Mpwapwa". Inatosha.

Kama una ndugu nje ya nchi na unataka aina yenye jina, usifiche vijiti kwenye sanduku. Mimea kuingia nchini inahitaji kibali kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Ugonjwa mmoja ukiingia kwa kijiti, hautaishia kwako.

Kijiti kinaoteshwaje?

Msimu kwanza. Machi hadi Mei ndio wakati: ardhi bado ina unyevu, jua limepunguza ukali. Septemba hadi Novemba usijaribu.

Chagua tawi ambalo ua lake limetoka kunyauka, unene wa penseli. Ukivunja mwiba kwa kidole gumba ukang'oka kwa mlio mdogo, limekomaa. Ukijikunja tu, bado ni changa. Kata urefu wa shubiri moja, chini kidogo tu ya kijicho, pale chipukizi hutokea, na kisu kiwe kikali, maana kisu butu hukamua tawi badala ya kulikata. Majani yote toa, bakiza mawili ya juu. Theluthi mbili ya kijiti iingie kwenye kiriba chenye mchanga wa mtoni nusu na mboji nusu, mwagilia, kisha funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu uliyoikata kitako. Kizibo kiache wazi mchana, kifunge usiku. Weka kivulini, upande ambao upepo haufiki.

Wapo wanaochovya kwenye utomvu wa mshubiri, wapo wanaochovya kwenye asali. Nimejaribu vyote, na nimejaribu bila kitu, sijaona tofauti ya kunifanya nichafue vidole.

Wiki ya pili litaota jani dogo jekundu. Hapo ndipo watu huua mche wao. Jani hilo limetoka kwenye akiba ya kijiti, mizizi bado. Usivute kuangalia. Subiri hadi wiki ya nane, na ukiona kizizi cheupe kimechungulia kwenye tundu la kiriba, ndipo uondoe chupa, kidogo kidogo, saa moja leo, mbili kesho.

Shimo liweje?

Sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Udongo wa juu mwekundu weka kando, wa chini mgumu tupa. Debe moja la samadi iliyooza kwa madebe mawili ya udongo wa juu. Jaza shimo maji uone: kama kesho yake bado yamesimama, hamia pengine au inua tuta. Samadi Dodoma si shida, mazizi yapo hadi kwenye mipaka ya jiji, ila iwe imekaa miezi mitano au sita. Mbichi inaunguza mizizi na inawaita mchwa. Jua liwe la asubuhi, na alasiri pawepo kivuli kidogo. Kivuli cha mwarobaini kinafaa, ila usipande karibu na shina lake, utakuwa unaumwagilia mwarobaini.

Maji yetu yana chumvi. Itakuwaje?

Hili ndilo gumu kuliko yote. Angalia ndani ya birika lako: ule ukoko mweupe ndio huo huo unaojikusanya kwenye udongo wa waridi. Maji ya visima vingi vya huku ni magumu, na taratibu udongo unakuwa wa kimagadi. Chuma kinakuwepo ardhini lakini mizizi haiwezi kukichukua. Dalili yake ni jani jipya kuwa njano huku mishipa ikibaki kijani, kama ramani ya mito.

Watu wakiona njano wanakimbilia majivu. Usiweke majivu! Majivu ni magadi juu ya magadi. Weka mboji kwa wingi kila baada ya miezi michache. Kinga maji ya mvua, hata mapipa mawili tu ya kwenye bati, uyatunze kwa ajili ya miche michanga. Maduka ya pembejeo yana mbolea ya chuma ya kupulizia majani, nunua ndogo, inatosha msimu. Na ukimwagilia, mwagilia kwa kushiba: ndoo ya lita kumi mara mbili kwa wiki kwa shina kubwa wakati wa kiangazi, chumvi isukumwe chini. Ule mtindo wa kikombe kila jioni unalowesha juu tu, chumvi inabaki pale pale kwenye mizizi.

Wiki ya mgao natumia maji ya kusuuzia mboga na ya suuza ya mwisho ya nguo. Ya sabuni nzito hapana.

Mchwa wamekula shina usiku mmoja.

Hawakula usiku mmoja, uliona asubuhi moja. Mchwa hupenda kilichokufa: vigingi vya miti, majani makavu, tawi lililokauka. Fito ya kuegeshea waridi iwe bomba au nondo. Matandazo weka, bila hayo kiangazi cha Dodoma hutakiweza, lakini yaache mbali na shina kiasi cha kiganja. Tawi kavu likate siku hiyo hiyo. Na shina lenye kiu ndilo huliwa kwanza.

Kuna unga mweupe kwenye majani. Utaambukiza zabibu zangu?

Swali la Kidodoma kabisa, nimeulizwa na watu wa Hombolo na wa Makutupora. Unga huo ni ubwiriunga, na zabibu nazo zina ubwiriunga, lakini ni vimelea viwili tofauti. Wa waridi haupandi mzabibu, wa mzabibu haushuki kwenye waridi. Unafanana kwa sura na kwa tabia: wote hupenda Juni na Julai, usiku wa baridi na mchana mkavu. Ndiyo maana Ulaya kuna desturi ya kupanda waridi mwanzoni mwa mstari wa mizabibu, ikisemwa kwamba waridi huonyesha dalili mapema. Salfa uliyobakiza ya mizabibu inafaa kwenye waridi pia. Pulizia asubuhi, usipulizie jua la saa sita, majani yataungua.

Madoa meusi ni kesi nyingine. Huja Januari na Februari, jani likikaa na maji saa nyingi. Mwagilia chini, okota majani yaliyoanguka uyachome. Mawaridi ya kisasa ya njano mara nyingi ni dhaifu zaidi hapa. Njano yao kali ilitoka kwa waridi la Uajemi, ambalo Pernet-Ducher, mkulima wa mawaridi wa Ufaransa, alilichanganya akapata 'Soleil d'Or' mwaka 1900, na udhaifu wa madoa ukaja pamoja na rangi.

Vidukari: maji ya bomba kwa nguvu, au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchujwa, pamoja na sabuni kidogo. Utitiri mwekundu huja na vumbi; osha majani upande wa chini.

Waridi langu lilikuwa jekundu, sasa linatoa maua madogo meupe vishada vishada. Limerogwa?

Halijarogwa. Ulinunua mche wa kubebeshwa. Chini kuna shina la waridi pori, mara nyingi Rosa multiflora, juu wamebebesha lile jekundu. Ukiacha machipukizi ya chini ya kiungo yakue, yenye nguvu ndiyo hayo, na la juu hufa taratibu. Fukua, yang'oe kwa mkono kuanzia yalikotokea. Kwa sababu hii mimi napenda mche wa kijiti: ukioteshwa kwa mizizi yake, hata ukikatwa hadi chini hurudi yule yule.

Napogoa lini, na kiasi gani?

Mwalimu wangu wa kupogoa ni mbuzi. Walivunja seng'enge mwishoni mwa Mei, wakaingia sita, wakala "la Mpwapwa" hadi likabaki vijiti vya urefu wa goti. Nililia. Katikati ya Julai lilichanua maua ambayo sijayaona tena mfano wake, na kwa kuwa ni msimu wa baridi, harufu ilikaa hadi saa nne asubuhi.

Tangu hapo napogoa mwisho wa Mei, ila si kwa kiwango cha mbuzi. Toa yaliyokufa na yanayosuguana, punguza theluthi moja, basi. Mawaridi ya China na ya Chai hayapendi kisu kikali, hukasirika na kukaa mwaka mzima yamenuna. Bourbon yenye matawi marefu usiyakate, yainamishe na kuyafunga kwa mlalo. Kila kijicho kitatoa ua, si ncha tu. Novemba ni usafi mdogo kabla ya mvua.

Asubuhi linanukia, mchana hakuna. Ni kawaida?

Kawaida. Jua la Dodoma linaichukua harufu yote. Nusa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, ua lililofunguka nusu. Ukitaka ya ndani ya nyumba, kata muda huo na utumbukize shina kwenye maji papo hapo. Kuna mawaridi ya miski ambayo harufu yake iko kwenye zile nyuzi za katikati, si kwenye petali, na hayo husafiri na hewa hata jioni.

Naweza kutengeneza maji ya waridi jikoni?

Unaweza. Weka petali za asubuhi kwenye sufuria, maji yazifunike tu. Katikati simamisha bakuli la udongo juu ya jiwe safi, lisielee. Mfuniko uweke kichwa chini, kirungu kikielekea ndani ya bakuli, na juu yake pakia barafu. Moto mdogo kabisa wa mkaa. Mvuke unapanda, unapoa kwenye mfuniko, unadondoka bakulini tone tone. Baada ya dakika 30 au 40 zima. Ukiendelea utapata maji yenye harufu ya mboga za kuchemsha. Hifadhi kwenye chupa safi, frijini, utumie ndani ya wiki chache.

Tumia petali ambazo hazijapuliziwa dawa yoyote. Maua ya dukani hapana, yanalimwa kwa dawa ambazo si za kuliwa.

Unauza miche?

Siuzi. Njoo Jumamosi asubuhi kabla ya saa nne, na kiriba chako kimejaa mchanga na mboji, nitakukatia vijiti vinne. Viwili vitakufa. Uje kati ya Machi na Mei. Ukija Oktoba utapata chai tu.